Kenya: Masomo ya nyumbani nafuu, mtihani ndio mzigo

Januari ikikaribia, wazazi wa Kenya wanaosomesha watoto nyumbani wanapiga hesabu. Karo, sare na nauli hawalipi. Vitabu vilivyotumika hununuliwa kwa kupatana bei, na vipindi vya redio vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), vilivyozifaa familia nyingi shule zilipofungwa mwaka 2020, havidai zaidi ya betri.

Hesabu huharibika kwenye mtihani. Katika kumpangia mwanafunzi shule ya sekondari ya juu, mtihani wa Gredi ya 9 (KJSEA) una uzito wa asilimia 60 tu. Asilimia 20 hutoka kwenye KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine kwenye tathmini za Gredi ya 7 na 8, ambazo shule ndizo huzituma Baraza la Mitihani. Mtoto asiyeandikishwa popote atazipata wapi? Mzazi hana budi kutafuta mapema shule itakayompokea, na kuuliza itatoza kiasi gani.

Tena, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili.