Naye Aingie Uwanjani

Pita katika shule zetu za Kanda ya Ziwa saa ya michezo, na mara nyingi utamkuta mtoto ameketi chini ya mwembe akilinda mashati ya wenzake. Ana magongo, au haoni vizuri, au hasikii. Hakuna aliyemfukuza; mwalimu amemhurumia tu. Nasema huruma ya namna hiyo inamnyima mtoto elimu, na tuiache.

Elimu gani? Kusubiri zamu, kuomba pasi, kushindwa bila kununa, kumwambia mwenzako amekuchezea rafu pasipo kumpiga, kisha kupatana naye kabla kengele haijalia. Watoto wengine huyaokota hayo mitaani. Huyu, ambaye mara nyingi hufichwa nyumbani, asipoyapata shuleni atayapata wapi?

Sisi watu wa Ziwa tuna sababu ya ziada. Tangu miaka ya 2006 na 2007 wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa ushirikina, na mikoa yetu ndiyo iliyotajwa zaidi. Watoto wakakusanywa katika shule kama Mitindo ya Misungwi na Buhangija ya Shinyanga. Ulinzi huo uliokoa maisha, wala sisemi uondolewe. Lakini uzio hautoi imani potofu kichwani mwa jirani. Mtoto aliyevuta kamba upande mmoja na mwenye ualbino, wakaanguka pamoja na kucheka pamoja, hatadanganyika ukubwani kwamba kiungo cha mwenziwe huleta utajiri. Samaki mkunje angali mbichi.

Wapo watakaosema: vifaa hatuna, na mtoto ataumia. Vifaa gani? Kwa asiyesikia, mwalimu apunge kitambaa anapopuliza filimbi. Kwa asiyeona, ashone njuga ndani ya mpira wa matambara. Mchezo wa goalball, ulioanzishwa mwaka 1946 kwa askari waliopofuka vitani, hutumia mpira wenye kengele, na wachezaji wote hufungwa macho. Mwenye ualbino acheze asubuhi au jioni, akiwa na kofia na shati la mikono mirefu. Mwenye ulemavu wa akili apewe kanuni moja moja, pamoja na mwenzake wa kumwongoza. Na anayesema mguu mmoja hauchezi soka awakumbuke Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka la watu wenye ulemavu, waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022.

Hata hivyo, kumsukuma mtoto uwanjani na kumwacha hakutoshi. Mchezo usiosimamiwa hufundisha dhihaka: wakubwa huhodhi mpira, na mnyonge huchaguliwa wa mwisho. Mwalimu apange timu yeye mwenyewe. Kabla ya kuanza ataje jambo moja la kujifunza siku hiyo, mathalani kumpongeza mwenzako. Likivunjwa, asimamishe mchezo, aulize kilichotokea, waonyeshane namna bora, warudie. Mwenye ulemavu naye asibembelezwe: akicheza rafu aadhibiwe kama wengine, na siku nyingine apewe unahodha. Heshima haipatikani kwa kuachiwa magoli.

Wala hili si fadhila. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataka watoto hawa washiriki michezo sawa na wenzao, shuleni pia. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ahadi tumeshaitoa, kilichobaki ni kuitimiza.

Basi wazazi, msiombe mtoto asamehewe michezo kwa sababu tu ana ulemavu. Hujafa hujaumbika, na kesho atahitaji kuishi na watu. Walimu, anzeni na kipindi kijacho, kwa mpira mlio nao. Nanyi maofisa elimu, mnapokuja kukagua shule msitazame madaftari tu: ulizeni ni nani hakucheza wiki hii, na kwa nini.