Kazi Mbili, Nyumba Moja

Hapa kwetu Unyambwa si ajabu tena mume na mke kutafuta kazi ya mshahara kwa wakati mmoja. Mmoja amesomea ualimu, mwingine uuguzi, na wote wametuma maombi. Kisha majibu yanatoka: mmoja amepangiwa Singida, mwingine Kigoma. Hapo ugomvi huanza, kwa kuwa hawakuzungumza mapema.

Sisi wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto huyaona matokeo yake. Mtoto mchanga anaachiwa bibi, anaanzishiwa uji kabla ya wakati, na mizani inaonyesha kuwa uzito umesimama.

Wengi husema mke amfuate mume, basi, maneno yamekwisha. Hatukubaliani nao. Pengine kazi ya mke ndiyo ya kudumu, na ya mume ni ya mkataba wa miezi michache. Wengine husema mwenye mshahara mkubwa ndiye afuatwe. Hilo nalo halitoshi. Toeni kwanza kodi ya nyumba ya pili, nauli za kutembeleana na malipo ya msaidizi wa nyumbani, ndipo mlinganishe.

Ushauri wetu ni huu: kabla ya kutuma maombi, kaeni wawili mkubaliane ni mikoa gani mtaikubali, nani atasubiri, na mpaka lini. Aliyesubiri safari hii atangulizwe safari ijayo. Watumishi wa umma huweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, lakini kuomba si kupata.

Kama kuna mtoto mchanga, hesabuni na miezi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba angalau siku 3. Akirudi kazini, mama anayenyonyesha huruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Lakini mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Je, saa hizo 2 zitamfaa nini ikiwa yeye yuko Unyambwa na mama yuko Kigoma?

Kazi iliyokosekana leo huweza kutangazwa tena. Miezi 6 ya kwanza ya mtoto hairudi.