Huyo samaki wa kwenye kadi asikudanganye

Ukipita Malaba pale malori yanapopanga foleni, lazima ukutane na jamaa amebeba ubao wa miwani ya jua. Ukiuliza tu "ngapi?" anachomoa kadi ndogo. Kwa macho matupu unaona buluu ya maji, basi. Ukivaa miwani yake, samaki anajitokeza. Mimi nilivyomwona huyo samaki nilitoa mia tatu hamsini bila hata kubishana bei, kwa sababu miwani haikuwa yangu. Ilikuwa ya mjomba wangu, mvuvi wa Sio Port.

Miezi miwili baadaye lenzi zilianza kubanduka pembeni kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Mjomba hakuniambia, si unajua watu wazima. Aliitia mfukoni akaendelea kukunja uso juani kama miaka yote, na kile kinyama kilichoota kwenye jicho lake la kushoto kikaendelea kusogea kuelekea mboni.

Kwa hivyo ndiyo, nina hasira, na si kwa muuzaji peke yake. Ni kwetu sisi watu wa mpaka. Hapa Busia ukimpa mbadilisha pesa noti ya elfu, ataipapasa, ataiinua juani, kisha aimulike kwa kile kitochi cha mwanga wa zambarau. Mahindi tunapima kwa gorogoro huku tukichungulia kama kitako hakijabonyezwa. Lakini kitu cha kukaa machoni kutwa nzima tunanunua kwa kumwamini samaki wa karatasi. Kweli?

Tuelewane kuhusu huyo samaki, kwa sababu hadanganyi kabisa. Anathibitisha kwamba lenzi ina polaraizi, yaani utando unaozuia mwanga unaotikisika upande mmoja. Jua likigonga maji na kuruka, sehemu kubwa ya huo mwanga hutikisika kwa mlalo, na ndio ule mng'ao unaokufanya usione boya la wavu wala kisiki kilichojificha chini kidogo ya maji. Utando unaukata. Husaidia zaidi jua likiwa limeinama kiasi, kama saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri, kuliko saa sita likiwa utosini. Na usitarajie miujiza. Kule Budalang'i, Mto Nzoia unapomwaga matope ziwani, hakuna miwani ya dunia hii itakayokuonyesha samaki aliye chini. Tope ni tope.

Shida ni kwamba kukata mng'ao na kuzuia miale ya UV ni kazi mbili tofauti. Samaki wa kadi hajui lolote kuhusu UV. Weusi wa lenzi nao haujui. Tena lenzi nyeusi isiyozuia UV ni mtego, maana kwenye giza mboni hupanuka, kwa hivyo unaifungulia miale mlango. Na Busia iko karibu nusu digrii tu kaskazini ya Ikweta, jua letu halina likizo.

Sasa unajua nani anaweza kukupimia? Yule yule mbadilisha pesa. Nilimwomba mmoja kitochi chake, akacheka, lakini akanipa. Unaweka lenzi kati ya tochi na noti, kisha unaitazama noti kutoka kando, si kupitia lenzi. Kama zile alama za noti bado zinang'aa karibu kama kawaida, huenda hiyo miwani ni pambo. Miwani ya mjomba? Noti iling'aa kama disko matanga, manze. Nilitamani ardhi inimeze.

Hicho si kipimo cha maabara. Vitochi vingi vya bei rahisi hutoa mwanga ulio mpakani kabisa mwa UV na mwanga tunaouona, na weusi wa lenzi nao hupunguza kiasi. Kwa hivyo ikipita usishangilie sana, ipeleke duka la miwani lenye mashine ya kupima. Ikifeli nayo, itilie shaka, kisha mashine ithibitishe.

Halafu kuna suala la lenzi imetengenezwa na nini, na hapa nagombana na wale jamaa wa video za ng'ambo wanaoimba kwamba kioo ndicho mfalme wa uvuvi. Kioo ni safi, sikatai, na hakikwaruziki ovyo. Lakini hao huvua wakiwa wameketi kwenye kiti cha boti, soda mkononi. Mjomba yuko kwenye mtumbwi wa mbao, kasia la mwenzake linapita karibu na sikio, ndoano ya mbuta inaruka. Kioo kikivunjika, vipande viko sentimita ngapi kutoka kwa jicho? Na kina uzito, kutwa nzima puani.

Mimi nasema polikaboneti. Ndiyo plastiki ya miwani ya kazi ya mafundi. Ni nyepesi, haipasuki kirahisi, na huzuia UV kwa asili yake, si kwa kupakwa kitu juu. Ubaya wake ni kwamba hukwaruzika haraka, na haipatani na petroli. Ukiipangusa kwa kile kitambaa cha injini umeiua. Isuuze kwanza mchanga utoke, ndipo upanguse kwa pamba safi.

Ile ya mia tatu hamsini karibu kila mara ni triasetati, matabaka membamba yaliyogundishwa huku utando ukiwa katikati. Ikilowa na kukauka kila siku, gundi inachoka. Siidharau. Kama ndiyo uwezo wako na imepita tochi, vaa, ni afadhali. Ila usiuziwe ukiambiwa ni ya maisha.

Kuna plastiki nyingine, CR-39, inayotumika sana kwenye miwani ya kusomea. Inaona vizuri kuliko polikaboneti, ila hailindi sana ukigongwa. Kwa mtu wa nchi kavu iko sawa. Nawafikiria akina mama wanaoanika omena ufuoni, wameinamia ule mng'ao wa fedha tangu asubuhi hadi jioni. Sijawahi kuona mtu akiwapelekea ubao wa miwani, wala kadi ya samaki.

Kuna msee aliniambia mvuvi hana pesa ya miwani ya elfu mbili. Huyo mvuvi hununua nyavu, petroli na betri za taa za omena, na hakuna anayemuuzia wavu kwa kumwonyesha stika. Kinachomzuia mara nyingi ni kicheko chetu. Mzee akivaa miwani ziwani tunasema anajifanya staa. Sisi tunaivaa klabu, saa nane usiku.

Nilikusanya pesa wiki tano nikamnunulia ya polikaboneti, ya kahawia kwa sababu inatofautisha vitu vizuri kwenye maji machafu, na nikaifunga kamba nyuma isizame. Kinyama hakitarudi nyuma kwa miwani, hilo daktari alimwambia wazi, na tarehe ya upasuaji bado tunaisubiri. Siku ya kwanza aliivaa, akatoa simu asome meseji ya M-Pesa, akanigeukia.

"Mpwa wangu, mbona simu imezima?"

"Haijazima, mjomba. Iinamishe kidogo."