Washiriki hewa wa sarafu za kidijitali: funzo kutoka Kenya

UCHAMBUZI

Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023, maelfu ya watu, wengi wao vijana, walipanga foleni katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta jijini Nairobi ili mashine yenye umbo la mpira ipige picha mboni za macho yao. Malipo yalikuwa sarafu 25 za kidijitali za mradi wa Worldcoin, zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 Agosti serikali ilisitisha zoezi hilo.

Mjadala uliofuata ulihusu zaidi faragha. Lakini nyuma ya foleni ile kulikuwa na tatizo jingine ambalo halikupewa uzito: washiriki hewa.

Kampuni inayozindua sarafu mpya huahidi mgao kwa wanaosambaza matangazo yake, kuwaalika marafiki au kutumia mfumo wake. Kwa kuwa akaunti hufunguliwa bure, mtu mmoja huweza kumiliki mamia yake na kuziagiza kwa programu zirudie ujumbe uleule. Kama mfanyakazi hewa anavyokula mshahara wa umma, mshiriki hewa hula fungu la mwenzake, kwani mgao una kiwango maalumu: majina yakiongezeka, sehemu ya kila mmoja hupungua.

Ukubwa wa tatizo ulidhihirika mwaka 2024, pale mradi wa LayerZero ulipotambua zaidi ya anwani 800,000 zilizoshukiwa kuwa za udanganyifu. Waliokiri wenyewe waliahidiwa asilimia 15 ya mgao wao; waliokaa kimya wakabainika wangekosa vyote. Hata hivyo, kampuni nyingi hazina haraka ya kufanya msako kama huo mapema, kwa sababu idadi kubwa ya washiriki huwavutia wawekezaji. Msako huja siku ya kugawa, na mtu halisi huweza kufutwa pamoja na wa bandia.

Worldcoin, ambayo miongoni mwa waasisi wake ni Sam Altman wa OpenAI, ilikuja na jibu lake: jicho moja, mtu mmoja. Hoja hiyo ina mantiki, lakini gharama ya kuwazuia wadanganyifu ikahamishiwa kwa wasiodanganya. Nchini Kenya, takriban watu 350,000 walikuwa wamekwisha kujiandikisha. Tarehe 5 Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru data zao za kibayometriki zifutwe ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Iliona kuwa ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha sarafu haikuwa halali.

Isitoshe, jicho lenyewe halikutosha. Mei 2023, kabla hata ya sarafu hiyo kuzinduliwa rasmi, iliripotiwa kuwa vitambulisho vya Worldcoin vya watu wa nchi zinazoendelea viliuzwa katika soko la magendo nchini China. Mwenye jicho alikuwa mtu halisi. Aliyeitumia akaunti alikuwa mwingine. Palipo na umaskini, anayetaka washiriki hewa hahitaji kuwabuni. Huwakodi.

Oktoba 2025, Kenya ilipata sheria inayowataka watoa huduma za mali za kidijitali kuwa na leseni. Ni hatua muhimu, lakini kampeni nyingi za aina hii huendeshwa kutoka nje na kuwafikia vijana wa kanda nzima kupitia simu zao. Kwa nchi jirani, funzo la Nairobi ni kuweka masharti ya ukusanyaji wa data kabla foleni haijaanza. Kwa anayeombwa kuuza au kukodisha akaunti iliyothibitishwa kwa sura, kitambulisho au jicho lake, akumbuke kuwa malipo hutolewa mara moja tu, ilhali lolote litakalofanywa kwa akaunti hiyo baadaye litabaki katika jina lake.