Samaki wageni wangoje kwanza

Mama mmoja wa Kalemie ametuletea barua. Kaka yake alikuwa Uvira, na katika kurudi kwa meli alimchukulia zawadi: samaki wanne wadogo wa ziwani, wenye mikia ya panda, wamefungwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye maji. Nyumbani kwa mama huyo mna tangi la kioo, na samaki waliomo watoto wake wamewalea tangu miaka miwili. Sasa anauliza: «Niwatie wote pamoja leo, au ningoje? Na kama ni kungoja, nangoja nini? Samaki hawa ni wazima kabisa, hawana hata kidonda kimoja.»

Twamjibu bila kuzunguka: Mama, usiwatie. Wakae wiki nne katika chombo chao peke yao, ndipo waingie kwa wenzao. Lakini twajua ya kuwa jibu la namna hii haliwapendezi watoto waliokwisha kusimama karibu na mfuko. Yafaa basi tueleze sababu, na sababu ya kwanza ni aibu yetu wenyewe.

Mwaka juzi tulikuwa na tangi la lita 200 katika ukumbi wa shule, na ndani yake samaki 14. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano alipewa kazi ya kuwalisha asubuhi na jioni, naye aliifanya kwa moyo, hata siku za mapumziko. Siku moja mgeni akatuletea samaki wawili. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya shule, wazazi wangekuja, nasi tuliona kwamba tangi litapendeza zaidi likiwa na samaki wa rangi mpya. Tukafungua mfuko, tukamimina vyote, maji na samaki. Wazazi walisifu sana.

Siku ya sita tuliona vitone vyeupe juu ya mapezi, kama punje za chumvi. Siku ya nane samaki walikuwa wakijikwaruza juu ya mawe, na wengine wamepanda juu ya maji wakihema. Siku ya kumi na moja walibaki watatu. Nasi tulifanya nini? Tulimwita yule kijana mbele ya darasa. Tulimwambia kwamba amewapa chakula kingi mno, kwamba maji yameoza kwa ajili yake, na kwamba mtu wa namna hiyo hafai kukabidhiwa kitu chenye uhai. Hakujibu neno. Aliweka kopo la chakula juu ya meza, akarudi mahali pake.

Katika wale watatu waliobaki, wawili walikuwa wale wageni. Jambo hilo peke yake lingetosha kutufumbua macho, lakini halikutufumbua. Ni baada ya majuma mengi, tulipopata kitabu juu ya magonjwa ya samaki, ndipo tulipofahamu kwamba kosa halikuwa katika kopo la chakula.

Ugonjwa ule waletwa na kidudu kidogo sana, ambacho mtaalamu Fouquet alikipa jina mwaka 1876: Ichthyophthirius multifiliis. Wanafunzi wasitishwe na urefu wa jina hilo. Ukilitoa katika Kigiriki na Kilatini, lataka kusema «chawa wa samaki mwenye watoto wengi». Kwa kweli si chawa, bali ni kiumbe cha chembe moja tu. Lakini kuhusu watoto, jina halikudanganya. Kidudu hiki hujipenyeza chini ya ngozi laini ya samaki, na hasa katika mashavu anapovutia pumzi. Humo hula na kunenepa kwa siku kadhaa, na kile kitone cheupe tunachokiona ndicho chenyewe kilichokwisha kunenepa. Kikishiba hutoka, huanguka chini mchangani, hujifunika kwa ganda, na ndani ya ganda hujigawa: viwili, vinne, vinane, hata mamia, na pengine elfu. Ganda likipasuka, vitoto hivyo huogelea kutafuta samaki. Visipompata katika muda wa siku mbili hivi, hufa.

Katika ziwa kubwa vingi hufa hivyo, kwa sababu maji ni mengi na samaki wako mbali. Lakini ndani ya tangi la kioo, kila kitoto kikigeuka hukuta samaki mbele yake. Ndiyo maana ugonjwa ambao ziwani hauonekani sana waweza kumaliza tangi zima katika juma moja au mawili.

Mama asema samaki wake ni wazima. Hatumkatalii, hata sisi tuliwaona wale wawili kuwa wazima. Samaki aliyewahi kuugua akapona hupata nguvu ya kushindana na kidudu hiki, lakini aweza bado kuficha vichache katika mashavu yake, pasipo kuonyesha alama yoyote. Yeye hadhuriki, wenzake ambao hawajakutana nacho ndio wafao. Zaidi ya hayo, samaki aliyetikiswa melini ndani ya mfuko amechoka, na mwili uliochoka huacha ugonjwa utokee baada ya siku, wala si siku ile ya kufika.

Na kwa nini wiki nne, si siku nne? Kwa sababu kidudu hufuata joto la maji. Katika maji ya digrii 25, kama yalivyo katika nyumba nyingi za kando ya ziwa, mzunguko wake wote huchukua juma moja hivi. Kule Bukavu, penye baridi ya milima, waweza kuchukua majuma mawili au kupita. Tena chawa huyu si ugonjwa pekee: kuna minyoo ya tumboni, ambayo huonekana kama nyuzi nyekundu zikitokeza nyuma ya samaki, nayo haina haraka kabisa ya kujionyesha. Wiki nne zatoa nafasi kwa yaliyofichwa kutokea. Na ugonjwa ukitokea, hesabu huanza upya tangu siku ile alama ya mwisho ilipotoweka.

Watu wa kwetu hawahitaji kufundishwa sana maana ya kungoja hivi. Wale waliokuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri katika Ebola ya mwaka 2018 hata 2020 wakumbuka zile siku 21, ambamo mtu aliyemgusa mgonjwa alitembelewa na kupimwa joto kila siku, ingawa alijisikia mzima. Wengine walinung'unika, wakaona wanatuhumiwa. Desturi yenyewe ni ya zamani. Mji wa Ragusa, ambao leo waitwa Dubrovnik, uliamuru mwaka 1377 kwamba watu watokao penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye siku zikawa 40, na kwa Kiitalia arobaini ni «quaranta». Hapo ndipo lilipotoka neno letu karantini.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Watu wengi huacha shauri hili wakidhani yapasa kununua tangi la pili. Haipasi. Beseni kubwa la plastiki la lita 40 au 60 latosha, mradi halikuwekwa sabuni wala mafuta kamwe. Usitie mchanga chini, ili upate kuona uchafu na kuuondoa. Tia kigae kimoja au viwili vya chungu, samaki wapate pa kujificha, kwa maana samaki asiye na pa kujificha huishi kwa hofu. Funika kwa ubao au wavu. Wa ziwani huruka. Kama una pampu ndogo ya hewa, iunganishe na kipande cha sifongo kiwe chujio. Umeme ukikatika, na twajua kwamba hukatika, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kadhaa. Hiyo nayo huleta hewa.

Hatari kubwa ya beseni jipya si kidudu, ni uchafu wa samaki wenyewe, kwa kuwa sifongo mpya haijapata vile vijidudu vyema vya kusafisha maji. Basi kila siku, au baada ya siku moja, ondoa theluthi ya maji na kutia mengine ya joto lile lile. Maji ya bomba yakae kwanza siku nzima katika ndoo iliyo wazi, ili dawa ya klorini itoke. Chakula kiwe kidogo: kiliwe chote kwa dakika mbili. Hapa kijana wetu alikuwa na haki kuliko sisi, maana alipima chakula kwa kijiko cha chai.

Vitu vya beseni visiguse tangi. Wavu wake uwe mbali, ndoo yake mbali. Ulishe na kusafisha kwanza tangi la zamani, kisha beseni la wageni, usigeuze utaratibu huo hata siku moja, kwa maana tone moja la maji juu ya wavu laweza kubeba kile unachokikataza. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Na mwenye jeraha mkononi asiitie majini: kuna bakteria wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu, Mycobacterium marinum, ambaye hutoka kwa samaki akaingia katika jeraha na kufanya vidonda visivyopona upesi. Mwenye kidonda cha namna hiyo amwambie mganga wa hospitali kwamba anafuga samaki, la sivyo mganga hatakifikiria.

Vitone vyeupe vikionekana, chumvi ya kupikia husaidia: gramu tatu kwa kila lita. Kwa beseni la lita 60 ni gramu 180, lakini usiitie yote mara moja. Tia gramu 60 kila siku kwa siku tatu, imeyeyushwa kwanza katika kikombe. Ukiondoa lita 20 za maji, rudisha chumvi ya lita 20 tu, yaani gramu 60. Kambale na jamaa zake hawaivumilii chumvi kama wengine. Kwao tia nusu. Wala usiache kwa sababu vitone vimetoweka. Kidudu kilicho ndani ya ngozi au ndani ya ganda hakiguswi na dawa. Hushikwa kile kinachoogelea tu. Endelea wiki mbili baada ya kitone cha mwisho.

Tumesema juu ya tangi la sebuleni, lakini mwenye bwawa la tilapia alinunuapo vifaranga asikie vilevile. Mwaka 2017 Shirika la FAO lilitoa onyo kwa dunia juu ya virusi vya tilapia, na ugonjwa huo hauna dawa. Kwake hasara si huzuni ya watoto tu, bali ni ada ya shule.

Tukirudi kwa mikia ya panda: yaelekea ni wale ambao mtaalamu Max Poll aliwapa jina mwaka 1974, kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akiwapeleka samaki wa Tanganyika katika nchi za ng'ambo. Leo wanazaliwa katika matangi ya Ulaya na Marekani, na wafugaji wa huko huwaweka kando kwanza, sawa na samaki mwingine yeyote. Na Mama akichoka nao, asiwamwage ziwani au mtoni.

Kuhusu yule kijana, sasa yu katika mwaka wa saba. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa maana mbele yao ndipo tulipomkaripia. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama kopo la chakula liko wapi. Tangu hapo beseni la wageni ni lake. Mwezi uliopita tulipata samaki watano. Siku ya 19 alimwona mmoja akijikwaruza juu ya kigae, akafuta hesabu ukutani. Tulimwambia kwamba wageni wa shule waja Jumapili. Akasema bado.