Matumizi Holela ya Antibiotiki ni Tishio kwa Waliopandikizwa Figo

Upandikizaji wa kwanza wa figo nchini ulifanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili Novemba 2017, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikafuata. Huduma ambayo wagonjwa walilazimika kuifuata India sasa inapatikana nyumbani. Hata hivyo, mafanikio haya hayaishii katika chumba cha upasuaji; yanategemea pia antibiotiki zinazoendelea kutibu.

Aliyepandikizwa figo hutumia dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo hiyo. Kinga ikishuka, maambukizi ambayo mtu mwingine angeyahimili huweza kuhatarisha maisha yake. Ndiyo sababu miezi ya mwanzo hupewa dawa za kuzuia maambukizi, ikiwemo kotrimoksazoli, ambazo hapaswi kuziacha bila maelekezo ya kliniki.

Kinga iliyoshuka, hata hivyo, haimaanishi antibiotiki kwa kila kikohozi, kwa kuwa dawa hizo haziui virusi. Vilevile, baada ya miezi miwili ya mwanzo, bakteria kuonekana kwenye mkojo wa mgonjwa asiye na dalili kwa kawaida si sababu ya kumpa antibiotiki. Kufanya hivyo huchochea usugu pasipo manufaa. Homa ni suala tofauti: mgonjwa anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo, achukuliwe vipimo, ikiwemo kuotesha vimelea, ili dawa ilenge ugonjwa uliothibitishwa.

Kujinunulia dawa kuna hatari nyingine. Erithromaisini huongeza kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, hadi kuweza kuidhuru figo. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, hukipunguza kiwango hicho na mwili unaweza kuikataa figo.

Wajibu huu si wa mgonjwa peke yake. Mwaka 2019, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo takribani milioni 1.27 duniani. Bakteria sugu aliyezaliwa kwa matumizi holela ya mtu mwenye afya njema huweza kumfikia mgonjwa ambaye hana kinga ya kupambana naye.

Kwa hiyo, wananchi wanashauriwa kutonunua antibiotiki bila cheti cha daktari, kutumia dozi kama walivyoelekezwa na kutogawana dawa. Aliyepandikizwa figo amweleze kila mtoa huduma hali yake kabla ya kupokea dawa yoyote.