Mnayemfukuza mlangoni ndiye aliyelima kilicho mezani

Goma. Siku ya posho iliyopita, kama saa kumi ya mchana, nilikuwa kwenye bistro moja ya hapa mjini, upande wa ziwa. Jina lake siandiki, kwa sababu ninayoyasema leo hayahusu nyumba moja tu. Kwetu umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na bistro ile ina jenereta na waifai. Niliagiza kikombe cha kahawa, nikachomeka kompyuta, nikaanza kutuma sauti kwa radio. Ilikuwa sauti ya mama mmoja niliyezungumza naye asubuhi ile, mkimbizi wa kutoka Masisi. Alikuwa anaeleza namna anavyotafuta chakula cha watoto.

Sauti haijamaliza kwenda, nikasikia kelele mlangoni. Zamu alikuwa anamsukuma mama mwenye beseni la karanga na mayai ya kuchemsha kichwani.

"Toka hapa, mama. Wateja hawataki kusumbuliwa."

Yule mama hakubishana. Alishika beseni kwa mikono miwili ili mayai yasianguke, akavuka barabara, akaketi juu ya mawe ya volkano. Nyuma ya kaunta, pale ndani, kuna picha kubwa ukutani: mama wa kijijini amebeba kikapu cha kahawa mbivu, anacheka. Chini yake wameandika kwa Kifaransa kwamba hapa inauzwa kahawa bora ya Kivu. Kwa hiyo mama wa picha anakaribishwa, anapamba nyumba. Mama wa kweli anafukuzwa kama mbuzi.

Na mimi nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilimaliza kahawa, nikangoja sauti ifike, nikalipa, nikatoka. Jioni mlisikia ripoti yangu kuhusu taabu ya wakimbizi. Ndiyo maana leo naandika, nikianza kujilaumu mwenyewe kabla ya kumlaumu mwingine.

Wapenzi wasomaji, siku moja mkiketi kwenye bistro, hesabuni kilicho kwenye sahani. Viazi vya kukaanga: viazi vyetu vinatoka Kibumba, Rutshuru na Masisi. Zamani vilishuka kwa chukudu hadi mjini, na kijana wa chukudu tulimjengea sanamu katikati ya mji. Fromaji: ni ya Masisi, ile ya mviringo ambayo kila msafiri anayetoka Goma anaibeba kama zawadi. Maharagi: Rutshuru na Masisi tena. Maziwa ya chai, hivyo hivyo. Kahawa: milima ya Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi.

Sasa ulizeni nani alikuwa anakaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo hadi mwanzoni mwa 2025. Walikuwa watu wa Kibumba, wa Rutshuru, wa Masisi. Tangu Bunagana ilipoanguka mwezi wa 6 mwaka 2022 walikuwa wakishuka kwa miguu, na vita vilipofika Sake mwanzoni mwa 2024 wakashuka wengine. Ndio waliotulisha sisi watu wa mji miaka yote hii. Hawakuja Goma kuomba. Walikuja kwa sababu mabomu yaliwakuta shambani. Mtu aliyekuwa anakuuzia gunia la viazi mwaka 2021, leo unamwita "mwizi" kwa sababu anapita mlangoni kwako na beseni.

Bado sijasema kuhusu makala. Michopo mnayoipenda inachomwa kwa makala, na jiko la bistro nyingi linawaka makala tangu asubuhi hadi usiku. Wengi walioingia porini kutafuta kuni na makala ili wapate franka kidogo walikuwa mama na wasichana wa kambi. Mnajua yaliyowapata huko. Madaktari Wasio na Mipaka walisema kwamba mwaka 2023 walitunza zaidi ya watu 25,000 waliobakwa au kufanyiwa ukatili wa namna hiyo katika Kongo, na sehemu kubwa sana ni wakimbizi wa Kivu ya Kaskazini. Wengi walikamatwa wakienda kuokota kuni, kuchota maji au kutafuta chakula. Basi moto unaoiva nyama yako, kuna mama aliyeulipia kwa mwili wake. Halafu akija mbele ya mlango na karanga zake, kwa njia iliyo salama kuliko pori, tunamtumia zamu.

Watu wataniambia: mwandishi, usizidishe, bistro zinawapa wakimbizi kazi. Ni kweli, kuna mlango ambao uko wazi kwao. Ni mlango wa nyuma.

Nilienda kuutazama mlango huo kwenye bistro tatu. Kwenye mojawapo nilimkuta msichana wa miaka 19 kutoka Rutshuru anaosha sahani. Anafika saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa mbili ya usiku. Jioni anapewa wali uliobaki na viazi baridi ndani ya mfuko, na mara moja moja franka 2,000. Sahani ikivunjika, hiyo 2,000 nayo haipo. Nilimuuliza kama walipatana mshahara. Akacheka, akasema: "Kaka, mimi nitapatana na nani? Waliniambia osha, nikaosha."

Sheria ya kazi ya nchi hii, ya mwaka 2002, inasema mfanyakazi asipite saa 45 kwa juma. Dada huyu, kwa saa zake 14 kila siku, siku ya nne ikianza tu saa za sheria karibu zimeisha. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa franka 7,075 kwa siku. Kahawa niliyokunywa siku ile ya posho ilikuwa dola tatu.  Na huyu hapati hata mshahara wa siku moja kwa sheria. Anapata masazo.

Masazo si mshahara. Ukimpa jirani chakula kwa moyo mwema, hiyo ni zawadi, Mungu akubariki. Ukimfanyisha mtu kazi saa 14 ukampa kilichobaki kwenye sahani za wateja, hiyo si zawadi. Ni deni ambalo unakataa kulilipa.

Nilizungumza pia na wenye bistro. Sitaki mseme nimesikiliza upande mmoja. Wana maneno matatu.

La kwanza: wateja wanalalamika. Nakubali, hakuna anayependa kuvutwa shati wakati anakula. Lakini kati ya kuacha watu ishirini wazunguke kati ya meza na kumsukuma mama kwa fimbo, kuna njia nyingi. Niliona bistro moja ndogo upande wa Majengo ambako mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima, aliweka benchi pembeni ya mlango. Wauzaji wanne wanakaa hapo kwa zamu. Mteja akitaka karanga na bia yake, anaita. Hakuna anayevutwa shati, hakuna anayefukuzwa. Hilo benchi halikuhitaji mradi wala semina.

La pili: kuna wezi wanaojifanya wakimbizi. Wezi wapo, na simu zinapotea. Lakini kwenye bistro zetu niliona pia wateja wenye mashati mazuri wanaoondoka bila kulipa, na serveuse anakatwa kwa ajili yao. Hao zamu anawapigia saluti. Mwizi akamatwe kwa wizi wake, si kwa viatu vyake.

La tatu: maisha ni magumu, mafuta ya jenereta ni ghali, kodi ni nyingi. Hilo nalijua, na nimelisema kwenye radio mara nyingi. Lakini muuza mafuta humwambii "chukua wali uliobaki". Mtoza kodi humwambii hivyo. Unamlipa kila mwenye nguvu ya kukudai, na unakosa feza kwa yule mmoja asiyeweza kukudai. Huo si ugumu wa maisha. Ni kuchagua wa kumuonea.

Wengine, hasa kanisani, watasema jambo rahisi: tusiende bistro kabisa, ni aibu kukaa na bia wakati watu wanalala chini ya hema. Mimi sikubali. Bistro ikifungwa, muosha sahani atakosa hata kile kidogo, mama wa viazi atakosa mnunuzi, na mvuvi wa sambaza pia. Watu waliochoka na vita wana haki ya kuketi jioni, kucheka na kusahau saa moja. Hata wakimbizi wanaipenda soda baridi. Shida si kuketi. Shida ni kuketi huku unafumba macho.

Kwa hiyo tuombe mambo yanayowezekana. Wenye bistro: mpeni zamu agizo jipya, asimguse mama yeyote, wekeni benchi, anayeosha sahani apatanishwe mshahara wa feza, alipwe siku hiyo hiyo, na sahani iliyovunjika isiwe ya kwake peke yake. Wateja: kabla ya kulalamika kwamba michopo imechelewa, ulizeni wanaofanya kazi jikoni wanalipwaje. Swali moja kutoka kwa mteja anayelipa lina nguvu kuliko ripoti kumi zangu. Mkijibiwa vibaya, mji una bistro nyingi, hamieni nyingine.

Na ninyi dada na mama zetu wakimbizi, mnaosomewa haya kwenye simu ya mtoto: kabla ya kushika sahani ya kwanza, semeni bei mbele ya mtu wa tatu. Mkiwa wawili au watatu, ingieni pamoja, mseme bei moja. Si ujeuri. Ni kazi.

Mimi siku ya pili nilirudi kwenye ile bistro ya ziwa. Yule mama alikuwa bado ng'ambo ya barabara, juu ya mawe. Nilinunua karanga, nikamuomba msamaha kwa siku ile, naye akashangaa, maana hakukumbuka sura yangu. Kisha nikaingia kumuona meneja, nikamueleza habari ya benchi. Alisema atafikiri. Juma lijalo nitapita tena kumuuliza amefikiri nini, na jibu lake mtalisoma hapa.